Kwa Nini Mbwa wa Mlimani Wana Majina ya Mafumbo

Kuna wakati mlimani kwetu ng'ombe alikuwa na jina, mbuzi alikuwa na jina, hata chungu kikubwa cha pombe kilikuwa na jina lake, lakini mbwa alikuwa mbwa tu. Ukimtaka unasimama mlangoni unapaza sauti, "Mbwa weee!" na wanakuja wote, wa kwako na wa jirani na wa ng'ambo ya mfereji, kwa sababu hakuna aliyejua anayeitwa ni nani. Unamchagua wako, wengine unawatimua kwa fimbo. Hivyo ndivyo watu walivyoishi, na hakuna aliyeona kasoro yoyote, mpaka mbwa wa Nakijwa alipobalehe.

Nakijwa alikuwa bado msichana, ila tayari mama. Mume wake, Senkoro, alikuwa ameshuka nyikani na wenzake kubadilisha majembe kwa chumvi, na safari ilikuwa imekawia kuliko walivyoagana. Kabla hajaondoka alimwachia kijibwa ndani ya kikapu, kijibwa cha kutosha kiganjani, akasema, "Huyu atakulinda wewe na mtoto." Maana palikuwa na chui. Masika yale alimchukua mwanambuzi wa jirani mlangoni kabisa, jua linawaka, watu wanapepeta nafaka. Na Nakijwa alikuwa mwoga, kwa nini tufiche, mwoga hasa: jani la mgomba likipasuka kwa upepo yeye ameshasimama, mtoto kifuani, kisu mkononi.

Kile kijibwa kilipokuwa kidogo kilikuwa faraja. Ukikiita kinajikwaa kuja. Kinalala mlangoni na mtoto Mkunde anakilalia kichwa. Halafu kikakua. Miguu ikarefuka kama ya kuazima, masikio, moja likasimama, jingine likakataa, na akili, ile kidogo iliyokuwepo, ikaenda zake isijulikane wapi. Hakuwa tena mtoto na hakuwa bado mtu mzima, na nyie mliolea mnajua hicho ni kipindi gani. Akimwona kuku, anamkimbiza. Akiona nguo imeanikwa, anaivuta. Ukimkataza anasimama mbali, ulimi nje, kama anakucheka.

Siku moja alikula mbeleko. Mbeleko ya ngozi ya mbuzi, laini, aliyoifanyia kazi marehemu mama yake Nakijwa kwa mikono yake mwenyewe, ndiyo aliyombebea Mkunde tangu anazaliwa. Nakijwa alirudi kutoka mtoni akakuta kipande cha ukanda tu, kimelowa mate. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, kwa hasira! Akatoka mlangoni, "Mbwa weee!" Mbwa akaja mkia juu, mbio, kwa furaha, maana ndivyo alivyozoea. Akaja akapigwa.

Sasa hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mbwa hakujua anapigwa kwa ajili ya mbeleko. Mbeleko aliila asubuhi, tumboni imeshatulia. Alichojua ni kwamba ameitwa, amekuja, amepigwa. Kesho yake akamwangusha mama mkwe, Bibi Naghenjwa, na kibuyu cha pombe ya miwa kichwani, pombe yote chini. Akaitwa, akaja, ila polepole, akapigwa. Keshokutwa akaitwa, akasimama kwenye migomba akatazama tu. Akaitwa kwa ukali zaidi. Akaondoka.

"Mkaza mwana," Bibi Naghenjwa alisema, akijipangusa, "hivi huyu mbwa unamfundisha nini? Au ndiyo malezi ya kwenu?"

Na Nakijwa akanyamaza. Alikuwa na majibu, alikuwa nayo mengi, yamepangana kifuani kama kuni, lakini mila ilikuwa kwamba mkaza mwana hamjibu mkwe, wala mzee yeyote wa upande wa mume. Unaambiwa, unainamisha kichwa, unasema "Ndiyo, mama," basi. Mama Kiondo wa jirani akapita na mzigo wa majani, akaongeza lake bila kuulizwa: "Mwanamke kashindwa na mbwa, mume akirudi atamweza?" Wenzake wakacheka. Nakijwa akainamisha kichwa. Hasira isiyoruhusiwa kutoka mdomoni ikashuka mkononi, na mkononi mlikuwa na fimbo, na fimbo haikuwa na mwingine wa kumpata ila mbwa. Na huyo naye, akipata nafasi ya kumshika.

Ndipo likaja la maji. Juu ya nyumba yake palikuwa na ndiva, lile bwawa la ukoo linalokusanya maji usiku kucha ili mchana yashushwe mashambani, kila shamba na zamu yake. Mlango wa ndiva huzibwa kwa udongo na magome ya mgomba, na kizibo hicho hakiguswi na mtu ila mgawa maji. Mbwa akasikia panya-buku humo. Akachimba. Akachimba kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwenye jambo la maana, na kizibo kikaachia, na zamu nzima ya mgawa maji mwenyewe, Mzee Kilave, ikashuka bondeni ikanywewa na matete.

Yule mzee alikuja na wazee wenzake, na nyuma yao nusu ya kijiji, maana watu wanapenda kuona mwenzao akisemwa. Wakajaa uani kwa Nakijwa.

"Maharage yangu yanakauka," alisema Mzee Kilave. "Kizibo nimekirudishia, ndiva imejaa tena, lakini mimi na huyu mbwa hatuwezi kunywa mlima mmoja. Afungwe kamba. Apelekwe nyikani, huko atayamaliza na fisi."

"Apelekwe!" wakasema.

"Na chui je?" Nakijwa aliuliza chini chini.

"Chui amwogope huyo?" akadakia Mama Kiondo. "Chui akija, huyo atamkaribisha ndani!"

Wakacheka tena. Na Nakijwa, msimshangae, aliwachukia wote pale, na alimchukia mbwa kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyemletea watu hawa uani. Akasema moyoni, aende! Aende tu, na chui aje anile nipumzike! Akaingia ndani kwa kishindo kutafuta kamba.

Alipotoka na kamba, mkeka wa uani alipomwacha mtoto ulikuwa mtupu. Mkunde hayupo.

Aliangalia nyuma ya mlango, hayupo. Jikoni, hayupo. Ndipo mtu akasema "Jamani," kwa sauti ya ajabu, na wote wakainua macho. Juu, kwenye ukingo wa ndiva, mbwa alikuwa anatembea taratibu kama mwenye shamba, na nyuma yake, ameshika mkia wa mbwa kwa mikono yote miwili, tumbo mbele, anacheka, alikuwa Mkunde, ambaye kutembea kwenyewe alikuwa amekujua juzijuzi. Upande mmoja mteremko. Upande wa pili maji, yamejaa mpaka mdomoni, ya kumzamisha mtu mzima.

Uani pote pakalipuka. "Mbwa weee! Njoo hapa! We mbwa! Mbwa weee!" Kila mwenye koo alipiga kelele, Mzee Kilave akatikisa fimbo yake juu. Na mbwa, ambaye wito ule alikuwa ameshausoma mpaka mwisho, akabana masikio akarudi nyuma. Mtoto akarudi naye. Kisigino cha Mkunde kikakanyaga udongo mbichi, bonge likamong'onyoka likaanguka majini, chubwi.

"Nyamazeni!"

Nani huyo? Ni Nakijwa. Mkaza mwana, amewapigia wazee kelele, wakwe zake, mbele ya kijiji. Kama jiwe la kusagia lingesema, wasingeshangaa zaidi. Wakanyamaza, si kwa utii, kwa mshangao, na ule ukimya ulitosha.

Akasogea chini ya ukingo, polepole. "Mbwa," akasema. Lakini neno lenyewe lilitoka na fimbo ndani yake. Alijaribu kulilainisha, likagoma. Siku nyingi mno alikuwa amempigia nalo. Mbwa akainua mguu kurudi nyuma tena. Nakijwa akaona hana neno. Anamwita nani, kwa lipi? Alipekua kifuani mwake pote, na mle kifuani hamkuwa na kitu ila yale majibu aliyoyameza, ya mkwe, ya Mama Kiondo, ya mzee wa maji, yamejaa mpaka juu: haya semeni, semeni nyote, semeni mpaka mchoke!

Basi akachukua hilo hilo. Akalichukua neno la hasira akalivika sauti anayombembelezea mtoto usingizini.

"Semeni," akaimba. "Semeniii... njoo, Semeni... njoo, mwanangu, Semeni..."

Mbwa akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja, sikio moja juu, moja chini, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Neno hili halijui. Hajawahi kupigwa kwa neno hili. Na sauti anaijua, ni ile ya usiku, ya karibu na moto. Akashusha tumbo mpaka likakaribia udongo, akaanza kuja. Alikuja huku amejikunyata, alikuja huku anasita, mkia akiutikisa kidogo tu, chini chini, kwa sababu mkiani kulikuwa na mtoto. Nakijwa hakuacha kuimba. Semeni, Semeni, mpaka pua ya mbwa ikamgusa goti na mkono wake ukamdaka Mkunde.

"Sasa mkamate!" Mzee Kilave akapata tena sauti yake. "Mpige akome!"

Na mkono wa Nakijwa uliinuka, usidhani haukuinuka. Hofu ikipita huacha hasira mahali pake, na mkono ulikuwa na kamba. Mbwa hakukimbia. Alilala pale pale, masikio nyuma, mkia unafagia udongo, akimtazama kwa pembeni kuona neno hili jipya nalo lina mwisho gani.

Nakijwa akaelewa. Akimpiga leo, kesho hana neno tena, na mtoto atakuwa ukingoni tena.

Kamba ile akamfungia Mkunde mgongoni, maana mbeleko ilikuwa imeliwa. Akamkuna mbwa nyuma ya sikio lile lililokataa kusimama. Kisha akasema kwa sauti tamu, tamu kabisa, akiwapita wazee mmoja mmoja bila kumwangalia yeyote, "Twende zetu, Semeni. Semeni tu, mpaka koo likauke, mpenzi wangu. Semeni!"

Bibi Naghenjwa akamshika mkono. "Unamwambia nani hayo?"

"Mbwa, mama."

Wakatazamana. Nani atamshitaki mtu kwa kumwita mbwa wake? Mzee Kilave alifungua mdomo, akaona kwamba akisema lolote atakuwa ameitika, akaufunga, na la nyikani halikutajwa tena.

Msije mkadhani mbwa aliacha utundu siku ile. Alikula ndala za ngozi za mkwe baada ya hapo, na kawa moja, na mpini wa jembe. Lakini akiitwa alikuja. Aliitwa akapewa mfupa, aliitwa akakunwa, aliitwa bure tu, na kila alipoitwa uso wa Nakijwa ulikuwa mtamu, kwa sababu uchungu wote alishauweka kwenye jina. Na chui alipopita kwenye migomba, alibwekewa mpaka akahama upande ule wa mlima.

Kijiji kikavumilia, kikavumilia, kikashindwa. Siku moja jioni Nakijwa ameita "Semeniii!" na kutoka ng'ambo ya mfereji, kwa Mzee Kilave, likaja jibu, refu na tamu kama la kwake: "Tumesikiaaa!" Mzee alikuwa amejipatia mbwa, jina lake Tumesikia.

Na tangu siku hiyo mbwa wa mlimani wana majina, na si majina ya mapambo. Ukipita jioni utawasikia wanaitwa, Yatawashinda, Hamnilishi, Mlinionaje, na wenye kuita wanatabasamu. Na tangu siku hiyo mbwa akiitwa huinamisha kichwa upande kwanza, anapima sauti. Akiona ina ukali hujikunyata, tumbo chini, mkia chini, akuulize kama bado kuna fimbo. Usimjibu kwa fimbo. Kama una hasira, na najua unayo, itafutie jina, umwite nalo kwa upole. Mbwa atakuja. Aliyekusudiwa atasikia.