Masanduku Yaliyoingia Kabla ya Watu

"Mzigo hungoja salamu." Mmelisikia neno hilo leo, mwenyekiti alipowarudisha mafundi wa bomba pamoja na lori lao, nanyi mkacheka mkasema wazee wa Kwekibua wana maringo. Sasa mnaniuliza limetoka wapi. Endeleeni kuchambua maharage, kazi ya mikono haizibi masikio.

Ulikuwa mwaka wa ile homa iliyofunga dunia. Shule zilifungwa, na hapa kwetu tulikuwa tumeshazika watu kumi na mmoja kabla hata viazi havijang'olewa. Ndipo likaja gari la watafiti. Walikuwa na dawa mpya waliyotaka kuijaribu, waone kama inamzuia mgonjwa asizidiwe, na walihitaji watu themanini wa kujitolea. Vibali walikuwa navyo vyote, vya wizara, vya mkoa, vya wilaya. Tena walikuwa na Nuriati, muuguzi, binti wa hapahapa.

Nuriati alikuwa amemzika baba yake mwezi uliotangulia. Alijiapiza kwamba kama dawa ya homa ile inatafutwa, watu wa Kwekibua watakuwemo katika kuitafuta, wasikae kungoja makombo ya wengine.

Mnaijua desturi yetu. Mgeni mwenye mzigo huutua nje ya ua. Huingia mikono mitupu, akasalimu, akaulizwa ya huko atokako, akanywa maji. Mwenyeji akishasema "karibu na mzigo wako," ndipo unapoingizwa. Nuriati aliijua tangu akibebwa mgongoni, lakini miaka tisa ya mjini inasahaulisha, na uchungu wa msiba ulimpa haraka. Gari lilivuka daraja la kuingilia kijijini, wakashuka watu waliojifunika toka utosini hadi kwenye viatu, wakaingiza masanduku moja kwa moja kwenye ghala la mboga. Hakuna aliyesema hata hamjambo. Sanduku moja likafunguliwa, likatoa moshi wa barafu.

Kufika adhuhuri kijiji kilikuwa kitupu. Kina mama walikuwa wamewapandisha watoto mashamba ya juu, na maneno yakaenea kwamba ugonjwa ndio huo umeletwa ndani ya masanduku. Siku mbili Nuriati alikaa mezani na fomu zake, hakuja hata mbuzi. Daktari Lwitiko, mkuu wa msafara, mtu mpole lakini mtumwa wa kalenda, akamwambia zikitimia siku saba watahamia wilaya nyingine.

Siku ya tatu Nuriati alipanda mlimani kwa Bi Salha, dada wa marehemu baba yake. Aliingia uani na begi la fomu begani. Shangazi akalitazama begi, asimtazame mwenye begi.

"Na hilo nalo limekuja kunisalimu?"

Nuriati aliona aibu. Akatoka, akalitua nje, akaingia upya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Za huko utokako?"

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Alilia kwanza, kisha akanywa maji. Mwisho akauliza, "Shangazi, mbona mmeikataa dawa?"

"Nani kaikataa? Mimi sijaikataa. Sijaulizwa."

Nuriati alishuka mlima mbiombio. Akamwambia daktari masanduku yarudishwe ng'ambo ya daraja, yakae garini na barafu yake. Daktari akasema zimebaki siku nne.

"Na masanduku yakibaki humu, daktari, zitakuwa siku nne na watu sifuri. Yatoke."

Yakatoka. Kesho yake walipanda mashambani wakiwa wawili tu, mikono mitupu, barakoa tu usoni, wakasalimu shamba kwa shamba. Mchana watu wakakaa mbalimbali kwenye matuta ya kabichi, wakauliza. Dawa inaponya? Hatujui bado, ndiyo maana tunaijaribu. Ina madhara? Huenda, na yale tunayoyajua ni haya. Nikikubali, kisha nikabadili nia? Utatoka siku yoyote, wala hudaiwi sababu. Kina mama wakasema siku ya kupimwa damu isiwe siku ya gulio, na majibu ya utafiti yaletwe hapa, yasiishie mjini. Daktari akaandika yote. Siku tatu zikaisha hivyo, naye hakuitazama kalenda.

Siku ya saba watu wote wakakusanyika. Bi Salha akasimama wa kwanza, na Nuriati moyo ukamtulia, maana shangazi akikubali, nani atabaki nyuma?

"Nimesikia na nimeelewa," alisema Bi Salha. "Mimi sitaki."

Watu wakageuka kumtazama daktari. Nuriati aliona safari yote imekufa pale, na ulimi ukamwasha kumbembeleza shangazi. Akauuma.

"Ahsante, mama," daktari alisema. "Ukiugua utatibiwa kama mtu mwingine yeyote."

 Bi Salha akamkazia macho kitambo, kisha akachukua kata yake ya kubebea mizigo, akaiweka kichwani, akaelekea darajani. Alirudi na sanduku la barafu kichwani, shingo imenyooka, akalitua mlangoni pa ghala.

"Nilitaka kujua kama hapana yangu ina uzito kwao," aliwaambia watu. "Inao. Basi na ndiyo yenu itakuwa yenu. Nanyi wageni, karibuni na mzigo wenu."

Jioni hiyo waliandikisha watu hamsini na watatu, na themanini wakatimia kabla ya wiki iliyofuata kwisha. Mimi nilikuwa wa tisa. Dawa ile haikushinda homa, nawaambieni ukweli. Lakini Nuriati na daktari walirudi kutuambia wenyewe, wakaacha gari ng'ambo ya daraja, wakaja kwa miguu. Walipoleta ya pili, iliyofanya kazi, watu walikwenda darajani kuipokea.

Sasa mmoja wenu ashuke akawaambie mafundi hatujawafukuza, na maji tunayataka. Mabomba yabaki pale pale, wao wapande, chai ipo jikoni. Mzigo hungoja salamu.