Ukuta wa Mafiga

Haya, nyamazeni, mwenye sikio alitege. Palikuwa na mji, na mji ukaingia vitani. Wanaume wakaenda, na Nyamvula akamuaga mumewe, Mwero, mlangoni.

Ikalia mbiu ya mfalme: kila jiko litoe figa moja, pajengwe ukuta. "Mpaka vita viishe tu!" Ikalia tena, likatolewa la pili. Ikalia mara ya tatu, na majiko yote yakapoa. Tangu hapo mji mzima ukala chungu kimoja, cha mfalme, na asiyemsifu alilala na njaa.

Kisha mfalme akaupaka ukuta dawa. Basi kila magharibi ikasikika ngurumo huko nje, na makucha yakiparura mawe.

"Maadui hao!" akasema mfalme. "Wamwagieni, na asichungulie mtu!"

Wanawake wakapanda ukutani, wakafumba macho, wakamwaga maji ya moto kutoka jiko la mfalme. Nyamvula naye akamwaga.

Jioni moja figa lake mojawapo, lenye ufa, likamwita kutoka ukutani: "Nyamvula, nitoe. Nyamvula, nitoe. Nyamvula, nitoe!"

Akalichomoa. Pale palipobaki tundu, ngurumo ikageuka sauti ya Mwero.

"Nyamvula, vita vilikwisha zamani. Tunatafuta moshi wa majiko yetu, hatuuoni. Nifungulie, mke wangu."

Akapenyeza mkono, akaushika wa mumewe. Ngozi iliyobabuka ikambakia kiganjani.

Na nyuma yake mbiu ikalia: maji yamechemka, pandeni.

Ngano yangu inaishia ukutani. Mkipika leo, acheni moshi utoke.