Krosi Mbili za Lori la Harusi

Hadithi hii ikikufikia asubuhi, isome kabla chai haijapoa. Ukiimaliza, mtumie yule mliyenuniana.

Katika mji mmoja wa njia panda, pale barabara ya kupanda milima ya Ukinga inapoiacha barabara kuu, palikuwa na maduka mawili ya vipuri vya malori. Yalitazamana, na katikati yake palikuwa na uwanja wa kuegesha magari. Moja lilikuwa la Obadia Tweve. Jingine lilikuwa la Zakeo Ilomo.

Zamani lilikuwa duka moja. Obadia na Zakeo walilianzisha wakiwa vijana, wakilala humohumo juu ya maboksi na kula sahani moja. Duka likakua. Siku ya kuandikisha kibao kipya cha nje, wakabishana jina la nani litangulie. Ubishi ulianza kama utani, ukaishia kwenye kugawana mali. Waligawana kwa hasira, hata vitu vya jozi wakavitenganisha: kimoja chako, kimoja changu.

Tangu hapo hawakusemeshana. Wakikutana msibani, mmoja alikaa kwenye turubai la huku, mwenzake la kule. Mteja akitaja jina la Zakeo mbele ya Obadia, alihudumiwa upesi ili aondoke.

Asubuhi moja ya Ijumaa, trekta liliingia uwanjani likivuta lori la zamani, lile la pua ndefu, la enzi ambazo bati la gari lilikuwa bati kweli. Juu yake kulikuwa na viti, mahema, masufuria makubwa, ngoma mbili, na kundi la akina mama wapishi waliovaa kitenge cha sare. Lilikuwa linapeleka vyombo vya harusi milimani, na harusi yenyewe ilikuwa kesho yake.

Dereva akateremka. Alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Tusekile, amevaa ovaroli ya marehemu baba yake, aliyemwachia hilo lori. Aliingia dukani kwa Obadia akiwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Natafuta krosi za shafti. Zimekufa zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Nilikuwa nasikia ko-ko-ko kila nikibadilisha gia, nikasema nitafika. Sikufika."

Akafungua kitambaa. Ndani yake palikuwa na kile chuma cha miguu minne na vikombe vinne, kinachounganisha shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Vile vyuma vyembamba vya ndani ya vikombe, kama sindano, vilikuwa vimesagika na kugeuka unga mwekundu.

Obadia alikipokea, akakigeuzageuza, na moyo wake ukachangamka. Alipenda magari ya zamani kuliko watu wengi. Akatoa kipimo chake, akapima upana wa krosi kutoka kikombe hadi kikombe, kisha akapima unene wa kikombe chenyewe. Akaleta boksi la kwanza.

"Hii ni ya kisasa. Imefungwa kabisa, haihitaji kupigwa grisi."

Tusekile akaiweka kando ya ile mbovu. "Ina kiuno chembamba, mzee. Hii ni ya gari linalopita lami. Mimi napanda na mzigo kwenye matope."

Obadia akaleta ya pili. Vikombe vililingana, ila upana ulipungua kama unene wa ukucha.

"Hii tutaibana kwa vipande vya bati, itakaa."

"Itakaa leo. Kesho itacheza, na shafti ikianguka mteremkoni, gari halishikiki tena kwa gia. Juu kuna mama zangu wote wale."

Obadia akatabasamu. Huyu hakuwa mteja wa kudanganywa. Akaingia stoo, akapanda ngazi, akashuka na boksi lililopauka. Ndani yake krosi ilikuwa imelala kwenye karatasi ya mafuta, nzito, safi, yenye tundu lake la grisi katikati. Alipima, akapima tena. Ililingana kama imetoka kwenye mfuko mmoja na ile ya zamani.

Tusekile akapiga makofi. "Hiyo hiyo! Nipe na ya pili."

Obadia akamgeuzia boksi aone. Boksi lilikuwa na nafasi mbili, na nafasi moja ilikuwa tupu.

"Ya pili iko pale ng'ambo," alisema mwishowe, bila kutaja jina. "Hakuna nyingine mji mzima. Nenda kachukue. Usiseme umetoka kwangu."

Tusekile akavuka uwanja. Punde akarudi mikono mitupu.

"Anayo. Ameitoa na kuniwekea mezani. Akaniuliza ya kwanza nimeipata wapi. Mzee, mimi siwezi kudanganya nikiwa safarini, nikamwambia. Akairudisha kwenye boksi. Anasema mwenye hiyo ya kwanza aje mwenyewe."

"Mimi?" Obadia akaruka. "Yeye ndiye aje! Mwambie aje yeye."

Tusekile akavuka tena, akarudi tena. Jibu lilikuwa lilelile.

Huko nje akina mama walikuwa wamechoka kukaa juu ya viti vilivyopangwa. Wakashuka, wakawasha moto pembeni mwa uwanja, wakabandika sufuria la chai. Mmoja akaanzisha wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, wengine wakaitikia. Madereva waliokuwa wakipita wakasimama. Chai ilipoiva, wakawapelekea Obadia kikombe na Zakeo kikombe, bila kuuliza nani kamnunia nani.

Tusekile alikuwa ameingia chini ya lori kulegeza bolti, ili kazi isichelewe krosi zikipatikana. Kabla ya kuingia alipita kwa Obadia kwa mara ya mwisho.

"Mzee wangu, wingu lile ulionalo likimwaga, barabara ya kule juu inafunga. Bibi harusi ni mdogo wangu wa mwisho. Nisipofika sitakulaumu. Nitamwambia tu kwamba krosi zilikuwepo, zote mbili, ila hazikuweza kukutana."

Akaondoka. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Obadia.

Alibaki akiitazama ile krosi. Akawaza ni madereva wangapi wa malori ya zamani wamekuja kwake, wakapimiwa, wakafurahi, halafu akawaambia hana ya pili. Wote wale walikwenda kulala Mbeya wakitafuta kitu kilichokuwa hatua chache kutoka hapo. Na aliwatuma yeye kila mara, akiona ameshinda.

Akaichukua krosi, akaifunga tena kwenye karatasi yake, akatoka. Hakutaka akina mama wamwone, akazunguka kwa nyuma ya lori. Alitembea haraka ili miguu isipate nafasi ya kubadili mawazo, akaingia dukani kwa Zakeo huku akisema kwa sauti, "Haya, nimekuja!"

Duka lilikuwa tupu.

Akasimama kama mtu aliyeingia chumba cha wakwe bila hodi. Alikuwa hajakanyaga humo tangu siku ya kugawana. Kabla hajageuka kutoka, dereva mmoja aliyekuwa akinywa chai uwanjani akaingia nyuma yake.

"Mzee, fenibelti ya Fuso ipo?"

Mkono wa Obadia ulikwenda wenyewe, rafu ya kushoto, msumari wa juu. Fenibelti ilikuwepo.

Ndipo akaangalia vizuri. Bolti zilikuwa chini, kwenye makopo ya rangi. Vichujio vya mafuta vilipangwa dirishani. Kipimo kilining'inia nyuma ya mlango. Zakeo alikuwa amelipanga duka lake sawasawa na duka lao la zamani, hadi msumari. Obadia hakushangaa kwa nini. Na yeye la kwake alilipanga hivyohivyo.

Wakati huo sauti ikapaa kutoka ng'ambo ya lori, sauti ambayo hakuwa ameisikia ikimwita kwa miaka mingi.

"Obadia! Kuna mteja hapa kwako. Spana ulizihamishia wapi?"

Obadia alifungua kinywa, kicheko kikatangulia kutoka.

"Ziko palepale!"

Kule ng'ambo Zakeo naye akaangua kicheko. Tusekile, aliyekuwa amelala chali chini ya lori, alisimulia baadaye kwamba aliona viatu vyeusi vikipita nyuma kwenda huku, na wakati huohuo ndala zikipita mbele kwenda kule. Akabaki akijiuliza wazee hawa wamekubaliana nini.

Walikutana pale penye magurudumu ya nyuma, kila mmoja na krosi yake mkononi.

"Nilikuja kwako," akasema Zakeo.

"Na mimi nilikuja kwako."

"Nani alitoka kwanza?"

"Usianze, Zakeo," akasema Obadia, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Akina mama wakapiga vigelegele, ingawa wengine hawakujua wanampigia nani.

Wakajilaza chini ya lori kando ya Tusekile, na suruali zao safi hivyohivyo. Zakeo alishika shafti, Obadia akaingiza vikombe taratibu, akigonga kwa kipande cha mti ili asivichubue, kisha akabana klipu. Krosi ya mbele ikakaa. Ya nyuma ikakaa. Wakapiga grisi mpaka ikachungulia kwenye vikombe vyote vinne, mbele na nyuma. Tusekile akaizungusha shafti kwa mkono. Ilizunguka kimya, laini, bila kucheza hata kidogo.

"Sasa," akasema akijifuta mikono, "nani ananihakikishia hizi krosi kule mlimani?"

Obadia akamwangalia Zakeo. Zakeo akamwangalia Obadia. Wakafunga maduka, yote mawili, siku ya soko, mchana kweupe.

Walipanda juu ya lori, wakakaa katikati ya masufuria. Kila kona walikuwa wakitega masikio, na kila lilipobadilishwa gia mmoja alimwuliza mwenzake, "Umesikia kitu?" Mwenzake akajibu, "Sijasikia kitu." Mvua ya kwanza ilianza kudondoka wakiwa wameshavuka mteremko wa mwisho, na bibi harusi alikuwa amesimama njiani bila viatu, akipunga kanga.

Kesho yake wageni walishangaa kuwaona wazee wawili wasiojulikana wamekaa meza moja na wakwe, wakila kutoka sahani moja. Mshereheshaji alipoulizwa ni ndugu wa upande gani, alikwenda kumnong'oneza Tusekile. Akarudi kwenye kipaza sauti akasema, "Hawa ni wa pande zote mbili."

Funzo: Kiburi hukuachia nusu yako mkononi, kisha kikakuzuia kumfaa mtu nayo. Usisubiri mwenzako avuke kwanza. Huenda naye yuko njiani tayari, anapita upande wa pili.