Kisu cha Mgeni Mwenye Barua

Hadithi inabisha hodi. Ifungulieni, ila ichungulieni kwanza.

Kirobo alikuwa akijifunza kufua visu vya oda katika banda la gari nyumbani kwake. Akaja mgeni, mikono kaificha kanzuni.

"Nataka kisu cha kitoweo. Nikikifuata, uwe peke yako."

"Bonyeza kiganja kwenye udongo huu, bwana, nipime mpini."

Mgeni akakataa. Alipoombwa tena, akatoa barua ya mjumbe wa mtaa, yenye mhuri: mwenye barua hii ni binadamu. Binadamu gani hutembea na ushahidi? Kirobo akaomba mara ya tatu, mgeni akabonyeza. Udongo ukaonyesha kucha saba.

Kumbe zimwi! Na zimwi hufa likigusa chuma. Kirobo akakipa kisu mpini wa chuma kitupu. Zimwi lilipokishika tu, likawa moshi, ikabaki barua.

Kirobo akaipeleka kwa mjumbe, akamsimulia yote.

"Mhuri ni wetu," mjumbe akasema. "Basi umeua mtu."

Kirobo akamtazama mikono. Ilikuwa imefichwa mifukoni.

Hadithi imeondoka, komeeni mlango.