Sultani Badrani na Dari la Ujira

Inasimuliwa, na wenye kuzijua habari za wafalme wameithibitisha, kwamba mji wa Zahabia ulitawaliwa na Sultani Badrani bin Sefu, na mji huo ulikuwa na timu ya kandanda iliyotwaa tufe la fedha mbele ya miji yote saba, na juu ya hayo sultani wake alikuwa hali wala halali kwa wivu.

Zamani za babu zake masultani wa miji saba walikuwa wakifilisiana kwa ajili ya wachezaji. Huyu akitoa farasi, yule hutoa shamba, na mwingine hutoa shamba na farasi pamoja, hata mmoja wao akaweka rehani taji lake na akaingia barazani amevaa kofia. Ndipo walipokutana wakaapa, na wakamfunga kwa kiapo jini aliyeitwa Dalhami, mwenye uwezo wa kuwa mahali saba kwa wakati mmoja. Kila mji ukajenga chumba cha kimo kimoja, na katika kila chumba Dalhami akasimama akilibeba dari kwa viganja vyake. Kila mwaka, katika mwezi wa mapumziko, ujira wote wa wachezaji hutiwa katika mifuko ya kipimo kimoja na kupangwa rundo moja katikati ya chumba. Rundo likigusa dari, Dalhami huliachia, na mji ule haushuki uwanjani mwaka mzima.

Basi siku Zahabia ilipotwaa tufe, jukwaani alikuwapo Sultana Thureya wa Marijani, ambaye Sultani Badrani alitaka kumwoa, na Sultani Khelefu wa Kidutani naye alitaka kumwoa. Sultana alikuwa amewaambia wote wawili kwamba ataolewa na yule ambaye timu yake itashinda miaka miwili mfululizo, kwa kuwa mwaka mmoja hata bahati hushinda. Badrani alikuwa amekwisha kuupata mmoja. Akamwendea Sultana na tufe mkononi, na kifua mbele.

"Timu yako hodari, Sultani," akasema Thureya. "Lakini yule kijana wa Khelefu aliyewafunga bao peke yake, mama yake alimlisha nini?"

Na kijana yule ni Farjala, mfungaji wa Kidutani. Badrani akarudi nyumbani na tufe, na njia nzima hakulitazama.

Alikuwa na kasuku aliyekuwa akizunguka miji yote na kurudi na uvumi. Mwezi wa mapumziko ulipoandama, kasuku akatua juu ya mto wa sultani.

"Una habari gani, ewe ndege?"

"Nina habari ya Farjala, maulana. Mkataba wake umekwisha. Anakula zabibu na kusikiliza wenye kusema."

"Na Khelefu anasemaje?"

"Hasemi mengi. Jana alimkatia tikiti kwa mkono wake."

"Tikiti?"

"Na mbegu akamtolea."

Wivu ukampanda sultani mpaka masikioni, akaamrisha aitwe Waziri Haidari, ambaye ndiye aliyepanga rundo la Zahabia kila mwaka.

"Namtaka Farjala," akasema.

"Maulana, Farjala anataka nusu ya chumba. Na sisi kati ya rundo letu na dari hapapiti mkono."

"Basi punguza."

"Nimpunguze nani? Sadala, mlinda lango? Wale ndugu wawili wa ulinzi? Hao ndio waliokuletea tufe."

"Sultana hakuuliza mama yao aliwalisha nini."

"Usiache mbachao kwa msala upitao, maulana."

"Mbachao wangu umetoboka, Haidari."

"Umetobolewa na magoti yako mwenyewe, kwa kuuswalia na kujibiwa."

Sultani hakucheka. Akaenda mwenyewe katika chumba cha ujira, na mifuko ya Sadala ikatolewa, na ya ndugu wawili, na ya kiungo mmoja aliyekuwa na watoto wengi. Mifuko ya Farjala ikaanza kupangwa, na kabla haijaisha rundo likakaribia viganja vya jini.

"Dalhami," akasema sultani, "mifuko iliyobaki mhesabie Farjala leo, lakini uipange rundoni mwakani."

"Inawezekana," akajibu jini. "Mwaka huu nitaikalia, na mwakani nitaipanga mwenyewe kabla ya mfuko mwingine wowote, Farjala awepo au asiwepo. Wanadamu mnapenda sana kukopa kutoka mwakani."

"Mwakani nitakuwa nimeshaoa."

"Hilo halimo katika kiapo changu," akasema Dalhami.

Khelefu alipoambiwa bei ya Farjala, washauri wake walimtaka atoe zaidi. Akakataa, akasema hawezi kubomoa nyumba ili amjengee mtu mmoja roshani. Akampa Farjala mkono wa buriani, na Farjala akaja Zahabia amepanda farasi mweupe, na watu wakamtandikia kanga njiani.

Siku ile ile Sadala alikuja barazani kuaga.

"Maulana, nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu. Ni nafasi."

"Namshukuru Mungu," akasema Sadala. "Nilidhani nimezeeka." Akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango mdogo, kwa kuwa mlango mkubwa ulikuwa umejaa watu wa kumpokea Farjala.

Kwa muda Badrani alikuwa na raha. Alimweka Farjala kulia kwake kila anapokula, na mabalozi wa miji mingine walipokuja aliwauliza kama wamemwona. Kisha kasuku akarudi.

"Khelefu amemchukua Sadala, maulana. Na ndugu wawili. Na yule mwenye watoto."

"Kwa ujira gani?"

"Ule ule uliokuwa ukiwapa. Farjala alipoondoka, chumba cha Kidutani kilibaki na nafasi kubwa."

"Na wao wanasemaje?"

"Wanaimba. Amewakatia tikiti."

Ajabu ya wivu ni kwamba hauchagui pa kulala. Tangu saa ile Badrani akawaonea kijicho watu aliowafukuza mwenyewe. Aliuliza kama Sadala amenenepa. Aliuliza nyimbo ni zipi. Akaamrisha tikiti liletwe, akalikata kwa mkono wake mbele ya Farjala, akamtolea mbegu.

"Ahsante, maulana," akasema Farjala, akala. "Sultani Khelefu huanza upande wa kikonyo. Ndiko kwenye utamu."

Sultani akaweka kisu chini na hakukata tikiti tena.

Waziri Haidari naye alihangaika na kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kidogo. Langoni akamweka muuza halua wa sokoni, mtu mrefu, mcheshi, aliyekubali mfuko mmoja na ruhusa ya kuuza halua yake siku za mchezo. Kwenye ulinzi akaweka wapagazi wawili wa forodhani, wenye nguvu nyingi, ambao kila mpira uliowajia waliupokea kwa mikono kwanza.

Mapumziko yakaisha, na michezo ikachezwa, na kwa miguu ya Farjala Zahabia ikafika mchezo wa mwisho, ikakutana na Kidutani. Sultana Thureya akaketi jukwaani, masultani wawili kulia na kushoto kwake. Farjala akafunga bao, na Badrani akamtazama Sultana. Farjala akafunga la pili, na Badrani akamtazama tena, na kweli Sultana alikuwa akipiga makofi. Lakini kila Farjala alipofunga, Kidutani walirudi wakamfunga muuza halua, na walipofunga la tatu yule aliyefunga alikuwa mmoja wa wale ndugu wawili, ambaye miaka yake yote Zahabia hakuwahi kuvuka nusu ya uwanja.

Jua likishuka, Farjala akapata mpira peke yake, mbele yake Sadala tu. Farjala akapiga chini, kushoto, na Sadala akaanguka kushoto, akaukumbatia mpira kama mtu aliyekuta mtoto wake njiani.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Umepiga vizuri."

Badrani hakungoja tufe kukabidhiwa. Alikwenda mbio mpaka chumba cha ujira.

"Mfungue Farjala," akamwambia jini. "Nataka Sadala na wenzake warudi."

"Mfungue ukipenda," akasema Dalhami. "Mtu ataondoka. Mifuko yake ya mwakani itabaki, na nafasi ya Sadala haitakuwapo. Utakuwa na ujira usio na mtu."

Sultani akakaa chini, mgongo ukutani, na jini akaendelea kubeba dari.

Mwaka ule Kidutani walikuwa wamepata tufe moja, na kwa sharti la Sultana palihitajika jingine. Mwaka uliofuata wakalipata, na Zahabia, yenye mifuko mingi na watu wachache, haikufika hata nusu ya njia. Arusi ikafanywa Marijani. Khelefu akatoa mahari ya lulu, na akawapa Sadala na wenzake nyumba za mawe, na Dalhami akaridhia, kwa kuwa katika chumba cha Kidutani nafasi ilikuwa tele.

Badrani alialikwa, akaketi na Farjala na Waziri Haidari upande wa wageni. Ng'ambo ya uwanja watu wa Kidutani walikuwa wakicheza ngoma, mpiga zumari mbele, Sadala katikati, na Sultana akiwarushia maua.

"Maulana," akasema Farjala, "naomba ruhusa nikacheze na wenzangu."

"Wenzako wako huku."

"Huku tuko watatu, maulana, na mmoja ni waziri."

Badrani alikuwa amenyoosha shingo, anaangalia ng'ambo, macho hayapepesi. Kisha akamwinamia Haidari na kumnong'oneza:

"Yule mpiga zumari, mkataba wake unakwisha lini?"

Waziri Haidari akajifunika uso kwa kilemba chake.

Hiyo ndiyo habari ya Sultani Badrani, na aliyetusimulia alikuwa na neno moja la kutuachia: mwenye kijicho hata akipewa chumba kisicho na dari, atalia kwamba cha jirani ni kirefu zaidi.