Kwa Nini Udongo wa Uwandani Hulia Kama Kibuyu

Ninyi mnaopanda huku juu na shuka safi mkateremka nazo nyeusi, kisha mkalaumu upepo, tulieni kidogo. Upepo hauna kosa. Mwenye kosa alikuwa mwanamume mmoja, na mpaka leo hatujui kama lile lilikuwa kosa.

Enzi hizo uwanda huu wote ulikuwa jiwe tupu. Jiwe jeupe, limelala toka upeo hadi upeo kama sinia lililosuguliwa na mtu mwenye hasira. Baridi ilikuwepo, tena hii hii, ya kumfanya mtu azungumze na meno yake kwanza kabla ya kumsalimu jirani. Mvua nayo ilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa mvua kukaa. Ilinyesha, ikagonga jiwe, ikateremka mbio kwa watu wa bondeni, ambao hata hawakuwa wameiomba. Majani yalimea kwenye nyufa tu, na ng'ombe waliyala kwa kuingiza ulimi ubavu ubavu, kama mtu anayetoa uboho kwenye mfupa.

Hapo ndipo alipoishi Koisikir, mwanamume mrefu mwenye sauti kubwa na ng'ombe mmoja. Zamani alikuwa na zizi zima. Kiu ikalipunguza mpaka akabaki na Mugie, jike la rangi ya kahawia iliyokolea, na Mugie alikuwa na mimba pevu. Mkewe, Nanyokye, alimwachia maneno machache alipokuwa akifunga mzigo wa kwenda kumwona mama yake bondeni.

"Mvua iko karibu," alisema. "Nikirudi, kama Mugie hana maji wala majani ya kumnyonyeshea ndama, tunahamia kwa kaka yangu."

Koisikir alimjua vizuri huyo shemeji. Alikuwa mtu wa kumtazama mgeni akitafuna mpaka mgeni ameze bila kutafuna. Kuhamia kwake maana yake ni kuchunga ng'ombe wa mwingine uzeeni, kwenye joto na mbung'o, na kuitwa yule mume wa dada. Koisikir alilala na wazo hilo, akaamka nalo, na uji aliojipikia ukaungua akiwa anaukoroga huku akilitazama.

Ndipo akachukua fimbo akapanda kwa Koko.

Watu wa huku humwita bibi koko, na huyu alikuwa bibi wa wote: mlima mzima, amekaa ukingoni mwa uwanda na blanketi la wingu mabegani. Siku zile alikuwa bado anazungumza. Mapajani alipakata kibuyu chake, kikubwa kuliko kilima chochote mnachokijua, na mvua yote ya uwanda ilitakiwa kukaa humo.

"Koko, shikamoo," alisema Koisikir.

"Marahaba. Wanaopanda kuniomba mvua ni wanawake. Wa kwenu wamekwisha?"

"Wapo, koko. Nimekuja mimi. Mvua inatupita. Ng'ombe wangu anakaribia kuzaa na hana hata tope la kulamba."

Koko alishusha pumzi, na mawe kadhaa yakabingirika. Alieleza kwamba kosa halikuwa la mvua. Kibuyu chake kilikuwa kimechacha. Mikono yake ilitetemeka kwa uzee na baridi, hakuweza tena kukisafisha, na maji safi hayatiwi kwenye kibuyu kilichochacha. Kwa hiyo mvua ikija aliiachia tu, ipite.

"Kazi ya kibuyu ni kushika kinachotiwa," alisema. "Nisafishie hiki, nami nitakaa na mvua yako humu, niwe nakumiminia kidogo kidogo mwaka mzima. Unajua kusafisha kibuyu?"

Hapa kila mke aliyewahi kusikia habari hii hufunika uso. Maana kwetu kibuyu cha maziwa husafishwa na mwanamke. Huchoma kijiti cha mzeituni-mwitu mpaka kiwe kaa jekundu, akakiingiza kibuyuni, akasugua ndani ili moshi ushike na maziwa yanukie. Kisha hukung'uta masizi yote, akapitisha ufagio wa singa za mkia wa ng'ombe, ndipo akafunika. Koisikir alikuwa ameitazama kazi hiyo tangu utoto, lakini kwa namna wanaume tunavyotazama kazi za nyumbani, yaani akiwa amelala kwa ubavu na macho yamefumbwa nusu. Alijua kuna moto. Alijua kuna kijiti. Alijua mwishoni kuna kifuniko.

"Kusafisha kibuyu nako ni kazi ya kuuliza, koko?" alisema.

Akakata mizeituni iliyomea mbavuni mwa mlima. Akawaza: kama kijiti kimoja kinanukisha kibuyu cha Nanyokye, hiki cha Koko kitahitaji msitu. Akakata msitu. Akauwasha, akaumimina makaa kwa makaa ndani ya kibuyu, na moshi ukapanda wenye harufu tamu mpaka machozi yakamtoka kwa kumkumbuka mkewe. Basi akaona ni upotevu harufu nzuri namna ile iende mbinguni. Akaburuta kifuniko, akakifunga, na kwa usalama akakikalia.

Kibuyu kikaanza kunguruma taratibu, kama mzee anayetafuta neno.

"Koisikir," alisema Koko, "umekung'uta?"

"Nikung'ute nini, koko?"

Koko alitaka kumjibu. Jibu hilo hatukulipata, kwa sababu kibuyu kilipasuka.

Koisikir alirushwa na kifuniko chake, akapita juu ya boma la jirani yake Lemeirut, aliyekuwa nje akijikuna mgongo kwa fimbo, na akatua upande wa pili akiwa bado amekaa kitako. Nyuma yake mbingu ilizimika. Masizi, majivu na unga wa kibuyu vilishuka bila sauti, vyeusi, vyepesi, vya vuguvugu, vikafunika jiwe lote jeupe. Ilikuwa adhuhuri, lakini mbuzi walijipanga wenyewe kurudi zizini. Mugie alilala chini akaanza kucheua. Mke wa Lemeirut alianza kutandika ngozi za kulalia, akasita, akazikunja, akazitandika tena.

"Wewe Koisikir," alisema Lemeirut gizani, "nimekuona unapita au nimeota?"

"Nimepita."

"Ukitokea wapi?"

"Kwa Koko. Nilikuwa namsaidia."

Lemeirut alipangusa majivu kwenye nyusi. "Siku nyingine ukiwa na hamu ya kusaidia, njoo unikune mgongo."

Giza lilipopungua, Koisikir alitazama juu. Koko alikuwa ameketi palepale, mapaja matupu, na kichwani pake, palipokuwa pameelekea mdomo wa kibuyu, pana shimo. Alimwita. Hakujibiwa. Akaomba radhi kwa sauti yake kubwa, kisha kwa ndogo, ambayo hakuwa na mazoezi nayo. Hapo akaelewa jambo moja tu katika siku ile nzima: kibuyu hakipo tena, na mvua ikija haina pa kukaa hata mlima ukitaka.

Nanyokye alirudi na mawingu. Alikuta uwanda mweusi, ng'ombe mweusi, mume mweusi. Aliinama, akachota majivu kwa vidole viwili, akayanusa.

"Mzeituni," alisema. "Nani kasafisha kibuyu?"

Koisikir alitazama upande mwingine, lakini upande ule nao ulikuwa mweusi.

"Na hakukung'uta," Nanyokye alimalizia. Aliingia ndani akaanza kufunga vitu vya kuhamia, na Koisikir akasikia kila fundo likikazwa.

Mvua ikaja. Wote walisimama nje kusikiliza, kwa sababu kila mara mvua iliponyesha ulifuata mngurumo wa maji yakikimbilia bondeni. Walisubiri. Mvua ilipiga ardhi kwa sauti nzito, du, du, kama mtu anayegonga kibuyu kwa ncha za vidole. Mngurumo haukuja. Iliponyamaza, uwanda ulikuwa umelala pale pale, mweusi, bila kidimbwi hata kimoja.

"Maji yako wapi?" aliuliza Lemeirut.

Walikwenda ukingoni kuchungulia kama yameteremka kwa siri. Makorongo yalikuwa makavu. Lemeirut alimshuku Koisikir kuwa ameyaiba, ingawa hakuweza kusema ameyatia wapi. Koisikir mwenyewe alijipapasa, maana kwa siku zile lolote lingewezekana.

Mugie ndiye aliyefumbua fumbo. Alijikokota kutafuta pa kuzalia, na kwato zake zilizama taratibu kama kwenye mkate mpya. Alipozitoa, kila alama ya kwato ilijaa maji safi. Akainama akanywa moja, akaendea nyingine. Nanyokye alipiga magoti, akafinya konzi ya udongo ule, na maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akafinya tena. Halafu akamtazama mumewe kwa muda mrefu, kwa jicho ambalo Koisikir hakuwahi kulitafsiri mpaka anakufa, akaingia ndani, akaanza kufungua mafundo.

Ndama alizaliwa juu ya udongo laini. Alipojifunza kusimama, majani yalikuwa yanamfika magotini.

Koisikir alipanda tena kwa Koko akiwa na maziwa ya kwanza. Alitaka kujua neno moja tu: amemkosea au amemsaidia. Alikaa miguuni pake mpaka mvuke wa pumzi ukagandia kwenye ndevu. Koko alitoa moshi kidogo, basi.

Na tangu siku hiyo udongo wa uwandani ni mweusi kama ndani ya kibuyu, na mwepesi, kwa sababu ni masizi yasiyokung'utwa. Ukikauka, unakufuata puani. Ukilowa, unashika maji hata bondeni wanapolalamikia jua. Ukiutia samadi, unaifumbata, hujui imeenda wapi, maana kila chembe ilisikia kwamba kazi ya kibuyu ni kushika kinachotiwa. Asubuhi za barafu huinuka wenyewe na kupasuka chini ya kwato. Ni kama kile kifuniko alichokikalia Koisikir, bado kinajaribu kufunguka. Ukitembea juu yake unalia, du, du.

Na ndiyo sababu mchungaji wa huku, akikamua, humwaga tone la kwanza chini akiuelekea mlima. Husema, "Ahsante, koko." Kisha hukaa kidogo akisikiliza, na jibu lisipokuja, huongeza, "Na unisamehe."