Amri ya Kuuza Vipuri

Mkurugenzi Lukumay, mwenye shirika la ndege ndogo nne, aliingia stoo na kunyooshea kidole rafu zilizojaa pampu, breki na magurudumu.

"Bi Shemdoe, hivi vimelala humu mwaka mzima. Vyote vipelekwe mnadani."

"Na ndege ikiharibika Songea, bosi, tutaikwamua na nini?"

"Mwaka mzima haijaharibika, itaharibika leo? Andika amri, nisaini."

Bi Shemdoe, aliyetunza stoo hiyo kwa miaka kumi na tisa, alichukua kalamu. "Kila kipuri cha kampuni kisichotumika mwaka mzima. Ndivyo, bosi?"

"Kila kipuri!" Akasaini.

Alasiri Lukumay alitoka mbio ndani ya suti mpya. Wageni walioleta posa ya binti yake walikuwa wameshafika nyumbani. Gari la kampuni alilokuwa akilitumia lilikuwa limeinama upande. Tairi moja halikuwa na upepo kabisa. Akafungua buti atoe tairi la akiba. Hamna.

"Bi Shemdoe! Spea yangu iko wapi?"

"Inasubiri mnada, bosi. Haijatumika mwaka mzima."

"Irudishe! Wakwe wananingoja!"

"Bila amri mpya siwezi." Akamkabidhi karatasi iliyokwisha kuandikwa: vipuri vyote vibaki stoo.

Lukumay alisaini juu ya boneti, jasho likimtoka. Bi Shemdoe mwenyewe akamfungia tairi, akampungia mkono wa kwaheri.

Gari lilipotoweka getini, Bi Shemdoe alitoa mfukoni kijiti cha kibiriti alichotumia kutolea upepo wa tairi, akakitupa.